Barua ya wazi kwa wakuu wa FIA: tusi la Kiingereza lina bei, la Kifini je?

Kwa Mheshimiwa Mohammed Ben Sulayem, Rais wa Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA), na wajumbe wa Baraza la Dunia la Michezo ya Magari, Paris.

Mheshimiwa Rais,

Assalaam alaykum. Na kwa wajumbe wako ambao salamu hiyo si yao, hamjambo.

Naandika kutoka Malindi. Kazi yangu ni ukalimani wa Kiitaliano, na lugha yenyewe sikuisomea darasani. Niliiokota jikoni, kwenye hoteli moja ya ufuoni, mwishoni mwa miaka ya themanini, nikiosha masufuria chini ya mpishi wa Kiitaliano ambaye hapiti siku bila kujiunguza. Kwa hivyo maneno yangu ya kwanza hayakuwa "habari za asubuhi". Yalikuwa yale ambayo nyinyi siku hizi mnayatoza faini. Mji huu umeishi na Waitaliano hadi matusi yao yamekuwa yetu: dereva wa tuktuk wa Barani asiyeweza kuhesabu mpaka kumi kwa lugha yao atakwambia "porca miseria" akipata pancha, na kuna bibi mmoja muuza mahamri Shela humwambia mjukuu wake hivyo hivyo, akidhani ni dua.

Nayasema haya mapema ili mjue naandika nikiwa wapi. Kila Safari Rally ikirushwa, vijana hunitengea kiti cha mbele barazani, wanipe kahawa na kashata, kisha wanitumie. Anachosema dereva lazima nikitafsiri. Mwaka 2025 waliniaibisha.

Mnakumbuka ilivyoanza. Februari ya mwaka huo, katika duru ya Sweden ya mashindano ya dunia ya rally, Adrien Fourmaux, dereva wa timu ya Hyundai, aliulizwa na mtangazaji mwishoni mwa mkondo wa mwisho, yaani kipande cha mwisho cha njia kinachopimwa muda. Mfaransa yule akaeleza kwa Kiingereza alivyoharibu mambo siku iliyotangulia, na neno likamponyoka. Hakumtukana mtu, alijisema mwenyewe. Waamuzi wakampiga faini ya yuro 10,000, na nyingine 20,000 wakazining'iniza juu ya kichwa chake kwa miezi 12. Madereva wenzake wakaungana, na Safari ilipofika kwetu mwezi Machi wakawa wamekubaliana: ukifika mwisho wa mkondo, ama unyamaze, ama useme kwa lugha ya mama yako.

Basi tumekaa. Gari linasimama, limevaa vumbi la Naivasha hadi vioo. Maikrofoni inapenyezwa dirishani. Ndani kuna sura nyekundu ya joto, macho peke yake ndiyo safi. Mmoja anatikisa kichwa na kuondoka. Mwingine anamwaga maneno ya kwao, mafupi, bila kutabasamu. Vijana wakanigeukia.

"Mzee, kasema nini?"

"Sijui."

"Katukana?"

"Sijui nawaambia."

"Na waamuzi, wao wanajua?"

Aliyeuliza hilo la mwisho ni kijana wa kidato cha tatu, na mpaka leo sijampa jibu. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Siwaombi mruhusu matusi. Mimi ni baba wa watoto, na kuna maneno sitaki yaingie sebuleni kwangu kwa lugha yoyote. Ninachouliza ni kwa nini kosa lile lile liwe na bei likisemwa kwa lugha anayoielewa mwamuzi, na liwe bure likisemwa kwa asiyoielewa. Kwa hesabu hiyo Mfini au Mestonia ana mahali pa kujificha, na yule aliyenyonya Kiingereza kwa mama yake hana. Mjapani naye yuko pabaya zaidi, kwa sababu anaazima lugha ya watu ili watazamaji wamwelewe, kisha anatozwa kwa lugha ya kuazima. Hili si la kubuni. Juni 2024, huko Austria, Yuki Tsunoda, dereva wa Kijapani wa Formula 1, alitozwa yuro 40,000, nusu yake ikisitishwa, kwa neno alilolisema kwenye redio ya gari. Akaeleza kwamba hakujua uzito wa neno lile kwa Kiingereza. Neno lenyewe lilikuwa baya kweli, linawadhalilisha wenye ulemavu, nami simtetei. Ila mtu aliyekaa na wageni miaka 30 anajua tusi la lugha ya pili halina ladha mdomoni. Unalitema kama kokwa la zambarau, unashangaa watu wanaruka.

Tazameni pia mizani ilivyocheza ndani ya miezi sita. Septemba 2024, Singapore, Max Verstappen, naye wa Formula 1, alitumia neno chafu kulielezea gari lake katika kikao na wanahabari. Akaamriwa afanye kazi ya manufaa kwa jamii. Muda si muda Charles Leclerc naye likamtoka katika kikao kama hicho baada ya mbio za Mexico. Yuro 10,000, nusu ikasitishwa, maana aliomba radhi papo hapo. Kisha Fourmaux. Najua kanuni ilibadilishwa katikati, Januari 2025, ikawekwa ngazi za faini ambazo kwa Formula 1 zilianzia yuro 40,000 na kupanda mpaka 120,000. Najua pia kwamba waamuzi si wale wale. Lakini mtazamaji wa kawaida aliona watu watatu, neno la aina moja, na mizani tatu.

Nigusie na hiyo kazi ya jamii ya Verstappen, mniwie radhi, maana ilituchoma kidogo. Alikuja kuifanya Kigali, Desemba 2024, na vijana wa Rwanda wanaojifunza mchezo huu. Kwetu bingwa wa dunia akija kukaa na vijana wetu tunamchinjia kuku, tunapiga picha, tunasimulia miaka kumi. Nyinyi mmeiandika kwenye faili la adhabu.

Mei 2025 mlirekebisha. Kiwango cha msingi, kile cha kabla ya kuzidishwa kwa Formula 1, kikashuka kutoka yuro 10,000 hadi 5,000, na waamuzi wakaambiwa watofautishe kati ya mtu aliyeketi mezani mbele ya wanahabari na mtu ambaye moyo bado unamdunda ndani ya gari. Hiyo ilikuwa busara na nawashukuru. Lakini mlipunguza bei tu. Swali la yule kijana wa kidato cha tatu bado liko pale pale.

Sasa niwape la kwangu, msije mkasema Malindi tunanyooshea vidole Paris na huku kwetu ni pasafi.

Miaka michache nyuma niliitwa kukalimani kwenye mashindano madogo ya magari hapa Pwani, klabu moja tu, kwenye shamba la mkonge lililoachwa. Kulikuwa na madereva wawili wa Kiitaliano wasiojua Kiingereza wala Kiswahili cha maana. Asubuhi kabla ya mbio magari yanakaguliwa: vyuma vya kukinga paa, kizima moto, helmeti, mikanda. Mikanda ya mbio, kwa mtu asiyejua, ina kitambaa kidogo kilichoshonwa pembeni chenye nembo yenu na tarehe ya mwisho. Ikipita tarehe, mkanda ni kamba tu.

Mkaguzi alikuwa mtu makini. Ana tochi ndogo anaishika kwa meno, mikono yote miwili ndani ya gari. Akafika kwa kijana mmoja fundi wa hapa hapa Malindi, gari amelijenga mwenyewe kwa vyuma vya kuokoteza, rangi ameipiga kwa brashi. Akalamba kidole gumba, akafuta vumbi kwenye kile kitambaa, akasoma. Mkanda umepita miezi mitatu. "Kijana, hukimbii." Yule kijana hakubishana. Akashuka, akakaa juu ya tairi la akiba, akafungua mfuko wa viazi karai aliokuja nao, wala hakula.

Gari lililofuata lilikuwa la mmoja wa wageni wangu. Mkaguzi akalamba kidole, akafuta, akasoma, kisha akanyamaza. Mimi nilikuwa nimeinama upande wa pili wa kiti na niliiona ile tarehe kwa macho yangu. Umepita mwaka na zaidi. Akamtazama mkubwa wake. Mkubwa akaja, akachungulia, akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa: "Huyu ametoka mbali. Ana bima yake. Mwache apite." Sahihi ikapigwa. Yule mzee wa Kiitaliano akaniuliza wamesema nini. Nikamjibu: "Va bene." Yaani, sawa, hakuna tatizo.

Hayo maneno mawili ndiyo yaliyoniuma, kuliko ile sahihi. Nilikuwa mkalimani, kazi yangu kusema kilichosemwa. Ningemwambia ukweli, mzee yule, ninavyomjua, angeufungua mkanda mwenyewe. Nikamficha kwa sababu nilitaka siku iishe na mimi nilipwe.

Na msidhani upepo huvuma upande mmoja tu. Mwaka uliofuata, uwanja ule ule, mgeni wangu mwingine alipigwa faini kwa kuendesha kasi kwenye eneo la mafundi. Kasi ile ile watoto wa nyumbani walikuwa wakiiendesha tangu asubuhi, watu wanacheka na kuwapigia makofi. Akaniuliza: "Kifungu gani?" Nikachukua kile kitabu cha kanuni, Kiingereza kitupu, tukakaa chini ya mkorosho nikakipekua ukurasa kwa ukurasa. Kifungu nilikipata. Kilikuwa kinasema kila mshindani. Akakisoma kwa kidole, neno moja moja, kisha akanitazama bila kusema kitu. Alilipa. Hakurudi tena.

Anayependelea mgeni na anayemkomoa mgeni wanafanya kosa moja: wote wawili wamesoma pasipoti kabla ya kusoma kanuni.

Hili nyinyi mnalijua siku nyingi. Kwenye kanuni zenu za rally mmeandika kwamba jopo la waamuzi liwe la watu watatu, wawili wanateuliwa na FIA na wasiwe raia wa nchi inayoandaa, mmoja tu ndiye anayetoka kwa chama cha wenyeji. Katiba yenu inawataka mjiepushe na ubaguzi wa rangi, siasa na dini. Nani angeandika hivyo kama hajawahi kuona damu ikiwa nzito kuliko maji? Mwaka 1989 pale Suzuka, Japani, kwenye mbio za Formula 1, Ayrton Senna wa Brazil aligongana na Alain Prost wa Ufaransa, akaendelea, akamaliza wa kwanza, akafutiwa ushindi kwa namna alivyorudi njiani, na Prost akawa bingwa. Rais wa mchezo wakati huo, Jean-Marie Balestre, alikuwa Mfaransa. Waitaliano wa hoteli yetu walisoma habari ile kwenye gazeti lao la waridi lililokuwa likifika limechelewa siku kadhaa, wakalibishania mezani hadi chakula kikapoa. Mimi nilikuwa nikibeba sahani na sikuelewa nusu yake. Kanuni pengine ilifuatwa. Lakini zaidi ya miaka 30 baadaye bado watu wanataja uraia wa rais kabla ya kutaja kanuni.

Safari yetu ya zamani haikuwa na maneno hayo. Tangu 1953 hadi 1971 hakuna aliyetoka ng'ambo aliyeshinda, mpaka Hannu Mikkola alipokuja na Ford Escort mwaka 1972. Hakuna aliyesema wenyeji walibebwa, kwa sababu kila mtu aliliona lile tope. Joginder Singh alishinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano, na Patrick Njiru alipomaliza wa nne mwaka 1994 na Subaru yake hakuna aliyempunguzia hata dakika kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani. Maxine Wahome alipochukua ushindi wa WRC3, daraja la tatu la mashindano ya dunia ya rally, mwaka 2022 ilikuwa hivyo hivyo.

Nije kwenye lile gumu, ambalo wenzangu barazani waliniambia nisiliandike.

Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Baraza lenu liliamua kwamba madereva wa Urusi na Belarus waendelee kushindana, ila bila bendera yao, bila wimbo wa taifa, bila rangi za nchi yao. Siku iliyofuata chama cha Uingereza kikawafungia kabisa katika ardhi yake. Ndani ya wiki ile dereva wa Urusi Nikita Mazepin akapoteza kiti chake katika timu ya Haas ya Formula 1. Kwa hiyo dereva mmoja, mwenye leseni moja, aliruhusiwa upande huu wa bahari na kukatazwa upande wa pili, chini ya mchezo mmoja unaodai kuwa na sheria moja. Uamuzi wenu ulisema unafuata ushauri wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Sawa. Lakini ushauri ule ulihusu vita vile, na vita havikuishia hapo. Robert Shwartzman, aliyekuwa akikimbia kwa leseni ya Urusi, alihamia leseni ya Israel, akaendelea na bendera yake ikiwa wazi wakati Gaza inateketea. Sina ugomvi na kijana huyo hata kidogo, hajarusha bomu. Mazepin naye hakurusha. Ila hapa Malindi, msikitini na nje ya msikiti, watu wanauliza kwa nini huyu alifunikwa bendera na yule hakufunikwa, na mkinyamaza wanajijibu wenyewe, na majibu wanayojipa si mazuri kwa mchezo.

Mimi ningependa asifunikwe mtu. Dereva ahukumiwe kwa alichofanya yeye, mikononi na mdomoni mwake. Lakini mkiona hapana, kwamba ziko nyakati ambapo bendera ya nchi lazima ishuke, basi andikeni nyakati hizo katika Kanuni yenu ya Kimataifa ya Michezo: tendo gani la nchi linaishusha, nani anaamua, uamuzi unapitiwa upya kila baada ya muda gani, na vyama vya nchi vina uhuru wa kuongeza adhabu juu yake au hawana. Andikeni wakati hakuna vita vipya mezani, kabla hamjajua itakuwa zamu ya nani. Ukitunga sheria ukiwa umeshamwona mshtakiwa, huo tena ni mtego.

Juu ya matusi, ombi langu ni dogo zaidi. Juni 2025 mliweka hadharani mwongozo wa adhabu za Formula 1, kila mtu akaweza kusoma kosa fulani linaanzia wapi. Fanyeni hivyo kwenye rally, mpaka kwenye vilabu kama kile cha shamba la mkonge. Na kuhusu ulimi, kama neno la dereva linaweza kumtoza pesa, liwe linamtoza kwa lugha zote, jopo lipate mkalimani kabla ya kuamua. Kama hamuwezi kupata mkalimani wa Kifini, Kijapani na Kiestonia kila mwisho wa mkondo, na naona ni kazi nzito, basi acheni kabisa kutoza yale yanayosemwa ndani ya gari bila kumlenga mtu, mbaki na yanayomlenga mtu: dereva mwenzake, mwamuzi, kabila, dini, ulemavu. Hayo mtu aliyetukanwa atayaleta mwenyewe, na atayatafsiri mwenyewe, niaminini. Mimi sijawahi kumwona mtu aliyetukanwa akakosa mkalimani.

Yule kijana fundi bado anakimbia. Mikanda alinunua mipya, alichangiwa na wenzake wa tuktuk, na nilitoa changu bila kusema kwa nini. Siku hizi kabla ya ukaguzi hukisafisha yeye mwenyewe kile kitambaa kwa sabuni, herufi zionekane kutoka mlangoni.

Nangoja jibu. Likija kwa Kiingereza au Kiitaliano nitawasomea barazani siku hiyo hiyo. Likija kwa Kiarabu, Mheshimiwa, nitampelekea maalim. Kifaransa tunaye dada mmoja wa hoteli. Likija kwa Kifini, itabidi tungoje msimu wa wageni.

Wenu mtiifu,
Mkalimani, Malindi